Tuanze na Utambulisho: Mwongozo kwa Mwenye Kigugumizi Aliyealikwa Semina

Mwongozo huu ni wa dakika nane tu. Zinaanza pale mwezeshaji anapogonga kipaza sauti kwa kidole, akauliza "mnanipata huko nyuma?", kisha akatamka kwa furaha kabisa: tuanze na utambulisho. Jina lako, unakotoka, na matarajio yako katika semina hii. Zinakwisha kipaza sauti kinapofika mkononi mwako. Kuanzia hapo sina la kukusaidia, na wala hutanihitaji, kwa sababu utakuwa unaongea. Kuongea ni kijisehemu tu cha shughuli yetu. Shughuli yenyewe ni kungojea.

Kwanza, kiti. Mgeni wa mambo haya hukimbilia kiti cha nyuma karibu na mlango, akidhani amejificha. Amejipalia makaa. Utambulisho ukianzia mbele, ataiva taratibu kama maharage mpaka zamu imfikie. Ukianzia nyuma, yeye ndiye wa kwanza, na kipaza sauti kitamkuta hata begi hajaliweka chini. Katikati nako kuna balaa lake, maana zamu inaweza kuzunguka kulia au kushoto, nawe itabidi upige hesabu mbili kwa mpigo. Wakongwe tunapenda kiti cha tatu kutoka kwa mwezeshaji. Pale hofu haifiki hata dakika moja. Lakini kiti hicho siku zote kimeshakaliwa na bwana mmoja kutoka makao makuu aliyewahi kwa ajili ya feni. Basi kaa popote, uanze kuhesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukumbi una watu 30. Kila mmoja atatumia sekunde 20, wewe ni wa 25, kwa hiyo mbele yako kuna watu 24, ambao ni sekunde 480, ambazo ni dakika nane kamili. Katika dakika hizo watu 24 watataja majina yao na hutasikia hata moja. Nimehudhuria semina za siku tano, nikala na watu wale wale asubuhi, mchana na jioni, nikaondoka nikiwaita wote "mheshimiwa", "dada" na "ndugu yangu", kwa sababu wakati wanajitaja mimi nilikuwa nafanya kugawanya.

Hesabu hii huanza mapema. Darasa la tatu, kipindi cha Kiswahili, mwalimu anasema kila mtu asome aya moja. Wenzako wanafuata hadithi. Wewe unahesabu vichwa, kisha unahesabu aya, unaifikia yako na kuichambua kama mchele: hapa pana jiwe, na pale, na lile "kwa kweli" pale mwisho ni jabali. Wasio na kigugumizi hushangaa wakiambiwa, lakini wengi wetu hulijua neno litakalotunasa kabla hatujalifikia. Tunaliona kwa mbali kama dereva anavyoona tuta barabarani, tofauti ni kwamba dereva ana breki. Halafu mwanafunzi aliye mbele yako anaomba ruhusa kwenda kujisaidia. Foleni inasogea, aya yako anapewa mwingine, na wewe unaangukiwa na aya ambayo hukuichambua. Nilimaliza shule ya msingi bila kujua hadithi hata moja iliishaje.

Tukirudi ukumbini: sasa hivi yuko mtu wa tatu, na wazo la kwenda chooni limekujia. Limewajia wote waliokutangulia katika njia hii. Nenda ukitaka, ila ujue mambo mawili. La kwanza, utarudi mapema mno au utarudi wakati mwezeshaji anasema, "Aaah, huyu hapa! Tulikuwa tunamsubiri yeye tu." Watu 29 watageuza shingo. La pili, ukiwa kule peke yako mbele ya kioo utajaribu kulisema jina lako, nalo litatoka. Litatoka laini kama la msoma taarifa ya habari saa mbili usiku. Utalirudia, litatoka tena. Usidanganyike. Ukiwa peke yako huna kigugumizi, kama vile samaki asivyokuwa na kiu.

Hiki ni kimoja cha vituko vya hali yetu. Mtu anayekwama akiulizwa saa, anaweza kuongea na mbuzi au na mtoto mchanga kutwa nzima asikwame. Akiimba hakwami. Akisema pamoja na wenzake hakwami. Ile "shikamoo mwalimu" ya darasa zima ilikuwa inatoka safi nami nimo ndani yake, lakini majina yakiitwa asubuhi, ile "nipo" ya mtu mmoja mmoja iligoma, na mara kadhaa niliandikwa mtoro nikiwa nimekaa dawati la pili. Madrasa nilisoma Juzuu Amma kwa mahadhi, hata peke yangu, bila kugonga popote. Maalimu akafurahi, akaniuliza kwa maneno ya kawaida jana nilikuwa wapi, na hapo ndipo tulipokaa mpaka adhana ya alasiri.

Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya mia ana kigugumizi. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 61 Tanzania, kwa hiyo kwa hesabu ya harakaharaka tuko kama laki sita. Tungeujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaochukua watu 60,000, mara kumi. Na tukiisha kuujaza, tukiimbishwa wimbo wa Simba au wa Yanga wote kwa pamoja, mpita njia nje asingehisi lolote. Shida ingeanza pale mmoja wetu angetaka kununua maji.

Sasa tuseme juu ya jina, maana ndilo unaloliogopa, na hapo huna kosa. Jina ni neno gumu kuliko yote, kwa sababu halina ndugu. Maneno mengine yote yana ndugu, na sisi tunaishi kwa hisani ya ndugu hao. Mama ntilie anauliza unakula nini. Ukiona "wali" unakugomea, sema "ubwabwa". Konda anauliza unashuka wapi. Kariakoo ina K mbili, na ya kwanza inatosha; sema Msimbazi, utatembea kidogo. Mwalimu wangu mmoja wa fasihi aliandika kwenye ripoti kwamba nina msamiati mpana kuliko umri wangu. Upana gani! Ile ilikuwa milango ya kutorokea, na nilihitaji mingi.

Milango hiyo ina gharama, na mwongozo wa kweli lazima uitaje. Nilikula ugali miaka miwili kwenye banda moja la chakula karibu na ofisi. Nilichotaka ni chapati. Siku ya kwanza "ch" ilinikaba, nikasema ugali, na kufikia wiki ya pili mama mwenyewe alikuwa ananipakulia kabla sijakaa, akiwaambia wateja wengine kwamba huyu ndiye mwanamume, hachezei unga wa ngano. Ningemwambiaje?

Wanaojua sarufi wataona ubaya mwingine. Kigugumizi hupenda mwanzo wa neno, na Kiswahili nacho mambo yake mengi yamebandikwa huko huko mwanzoni. Kama N ndiyo adui yako, kama ilivyo kwangu siku za baridi, hebu tazama utambulisho wenyewe: naitwa, natoka, natarajia. Wametuwekea mitego mitatu, mmoja kwa kila sentensi.

N hii iliwahi kuniponza kwa namna ambayo ukweni hawajaisahau. Katika kuposa nilikuwa salama, kwa sababu wahenga wetu, Mungu awarehemu, walitupa mshenga. Mwanamume unakaa kimya, unaangalia zulia, mwingine anasema kwa niaba yako, na kadiri unavyozidi kunyamaza ndivyo wanavyozidi kukuona una adabu. Sijui kama aliyebuni utaratibu huo alikuwa na kigugumizi, lakini namshuku. Siku ya akdi, hata hivyo, mshenga anakaa pembeni. Shekhe alinishika mkono, akasema yake, akasubiri nijibu kwamba nimekubali. Neno moja, linaanza na N. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Shekhe akaubana mkono. Ukumbi ukanyamaza, feni zikasikika. Nasikia nyuma yangu mtu anamnong'oneza mwenzake, "Kaghairi." Zilikuwa sekunde sita, labda saba, na baba mkwe alizeeka ndani yake. Lilipotoka lilitoka kwa nguvu hata mtoto mmoja akaanza kulia. Hadi leo, tukigombana nyumbani, mke wangu huniuliza kama zile sekunde zilikuwa kigugumizi kweli.

Mtoto wetu wa kwanza tulimwita Asha. Yeye anaamini nilichagua jina hilo kwa mapenzi ya bibi yake mzaa baba. Bibi nilimpenda, sikatai. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimeyapima mdomoni majina yapata 20, na Asha lilikuwa linatoka lenyewe, asubuhi, jioni, hata kwenye simu. Tangu hapo mtaani mimi ni Baba Asha, na sijapata kuwa na jina zuri kama hilo. Bahati mbaya fomu za semina hazilitambui.

Wako wapi sasa? Mtu wa tisa. Anaeleza matarajio yake kwa kirefu, Mungu ambariki.

Usipoteze nafasi hii kufikiria mambo makubwa. Fikiria daladala, kwa mfano. Kwa miaka mingi niliheshimika ofisini kwa kupenda mazoezi, kwa kuwa kila asubuhi niliingia nikitokwa jasho. Ukweli ni kwamba "shusha!" inataka kusemwa kwa wakati wake, si sekunde nne baadaye, na mimi nilikuwa nabebwa vituo viwili mbele kisha narudi kwa miguu. Baadaye nikajifunza kugonga bati kwa sarafu. Mwendokasi ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2016 watu walisifia kuwa na njia yake peke yake. Mimi nilisifia kwamba unasimama kituoni bila kuombwa.

Kuna na shikamoo, ambayo mdogo lazima aiwahi. Ukichelewa, mzee anaona umemdharau, na akishakununia huwezi tena kumweleza, maana maelezo yenyewe ni marefu kuliko salamu. Kuna na askari wa barabarani anayeuliza leseni na, ukikwama, anainama dirishani: "Mbona unababaika?" Na magazeti hayatusaidii. Fungua ukurasa wa siasa utakuta wizara fulani "yapata kigugumizi" kuhusu jambo fulani, maana yake haitaki kujibu. Mimi nataka kujibu. Ningependa mhariri mmoja, siku moja, atutofautishe.

Mtu wa kumi na tatu. Moyo umeanza kusikika masikioni na viganja vimelowa. Huu ndio wakati ambapo mawaidha yote uliyowahi kupewa yatakurudia, kwa hiyo niyapitie haraka.

"Tulia." Haya.

"Vuta pumzi." Ukivuta kwa hofu utaishia kuibana, na mtu aliyebana pumzi hasemi, anavimba.

"Sema polepole, hatuna haraka." Husemwa na mtu anayeangalia saa.

Halafu wako wakarimu wanaokumalizia maneno. Jina langu linaanza na Ka, na nikikwama kwenye silabi hiyo, msikilizaji mwema huniletea bidhaa zote alizonazo: Karim? Kamau? Kasimu? Siku moja nilikuwa nimechoka, nikaitikia Kasimu. Nilikuwa Kasimu siku tatu. Niliitwa kwenye vikundi kwa jina hilo, nikapigwa picha ya pamoja, na cheti ninacho mpaka leo, kina lakiri na sahihi mbili, kinashuhudia kwamba Kasimu amefuzu mafunzo ya mawasiliano yenye tija.

Tiba nazo ziko nyingi. Jirani yetu mmoja alimwambia mama kuwa nimeharibiwa kwa kutekenywa sana utotoni. Mwingine akashauri nishtuliwe kwa kofi wakati nimekwama, ushauri ambao kaka yangu aliutekeleza kwa moyo mkunjufu. Usidhani wenzetu walioendelea walikuwa na nafuu. Demosthenes wa Ugiriki ya kale inasimuliwa alijizoeza kuhutubia akiwa na kokoto mdomoni. Mwaka 1841 kule Berlin, daktari mpasuaji mashuhuri, Johann Friedrich Dieffenbach, aliamua kwamba tatizo ni ulimi, akaanza kuwakata wagonjwa vipande vya ulimi. Waliosema ulimi hauna mfupa hawakujua kwamba kuna mtu angekwenda kuthibitisha kwa kisu. Siku hizi wataalamu wanatazama kwingine, kwenye ubongo unavyopanga usemi na kwenye kurithi: kigugumizi mara nyingi huanza kati ya miaka miwili na mitano, watoto wengi hukiacha njiani wenyewe, na wanaobaki nacho ukubwani wengi ni wanaume. Woga haukukileta. Chenyewe ndicho kilichouzaa woga, na woga ulipokua ukaanza kumlea mzazi wake.

Sentensi hiyo ya mwisho usiipite haraka, maana inahusu hizi dakika nane. Mwaka 1939, katika jimbo la Iowa, Marekani, mwanafunzi aliyeitwa Mary Tudor, akisimamiwa na profesa Wendell Johnson, alikwenda kwenye kituo cha yatima akafanya jaribio. Profesa mwenyewe alikuwa na kigugumizi, na alitaka kujua kama mtu anaweza kukipata kwa kuambiwa tu kwamba anacho. Baadhi ya watoto waliokuwa wanasema vizuri wakaambiwa, tena na tena, kwamba wana dalili, wajiangalie, wasiseme mpaka wawe na hakika watasema sawasawa. Kigugumizi hawakukipata. Walichopata ni kunyamaza. Wakawa wanasema kwa maneno machache, wanaona haya, wengine wakakataa kusoma kwa sauti darasani. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001. Kwa maneno mengine, watoto wale walipewa dakika nane zetu bila kupewa kigugumizi, na zile dakika peke yake zikatosha kuwafunga midomo.

Mwaka huo huo wa 1939, tarehe 3 Septemba, Mfalme George wa Sita wa Uingereza aliwatangazia watu wake kwa redio kwamba wameingia vitani. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na katika chumba alichotangazia alisimama naye Lionel Logue, Mwaustralia aliyekuwa akimfundisha kusema tangu 1926. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza wakati huo. Bibi yangu alikuwa na shilingi moja ya zamani ya Afrika Mashariki kwenye kasha lake la kanga na wanja, simba upande mmoja na kichwa cha mfalme huyo upande wa pili, na nilipokuwa mdogo nilikuwa naiomba niichezee. Nilikuja kujua ukubwani nilikuwa nimeshika nani. Babu zetu walilipa kodi ya kichwa kwa kichwa cha mtu mwenye kigugumizi, na hakuna aliyewaambia. Hata yeye, nadhani, alikuwa mgonjwa wa kungojea kuliko kusema.

Nabii Musa naye, kwa Wakristo na Waislamu, alieleza shida ya ulimi wake kabla ya kwenda kwa Firauni, akapewa ndugu yake Haruni amsaidie kusema. Dua yake ya kuomba fundo la ulimi lifunguliwe, watoto wa madrasa huihifadhi, na wanafunzi huisoma wakienda kwenye mtihani wa kuandika. Mimi pia nilipewa Haruni, yule yule kaka wa makofi. Tulipokwenda hotelini alikuwa ananisemea: "Huyu anataka soda." Nilikuwa nataka chai.

Mtu wa kumi na nane. Sasa nikuonye kuhusu njia moja ya hatari, ambayo watu wasiokutakia mema watakushauri uifuate. Usiifuate, angalau kama una nia ya kuitunza hofu yako ikiwa katika hali nzuri.

Hofu yetu ni mfugo. Inakula kuficha. Kila ubwabwa ulioutaja badala ya wali ni tita la majani, kila safari ya chooni ni ndoo ya maji. Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na kigugumizi, alikilinganisha na mlima wa barafu baharini: kinachosikika ni kipande cha juu, na chini ya maji kuna aibu, woga na hila zote za kujificha. Huku kwetu pwani barafu ipo kwenye friji tu, kwa hiyo mimi husema kiboko wa Rufiji. Unaona macho, pua na masikio, unadhani ni mnyama wa kubeba kwenye kikapu.

Sasa, njia ya hatari ni kumtoa kiboko majini. Unapewa kipaza sauti na kabla ya jina unasema: nina kigugumizi, nitachukua muda kidogo. Basi. Wengine wanakwenda mbali zaidi. Charles Van Riper, aliyefundisha miaka mingi katika chuo kikuu kimoja cha Michigan naye akiwa mwenye kigugumizi, aliwafundisha watu wakwame kwa makusudi, mbele za watu, kwenye neno ambalo wangeweza kulisema vizuri. Fikiria! Uingie dukani useme s-s-s-sukari wakati S yako haina tatizo lolote. Ukifanya hivyo mara kumi, ishirini, muuza duka anakuuliza tu kilo au nusu, na unaporudi nyumbani unakuta mfugo wako umekonda, mbavu zinahesabika. Miaka yote ya kuulisha imekwenda hivyo hivyo. Nani anataka hasara ya namna hiyo?

Nimeijaribu, ndiyo maana naijua. Nimeijaribu mara chache, kwa moyo nusunusu, na bado mara nyingi nachagua choo. Sitaki ufikiri unamsoma mtu aliyepona. Tarehe 22 Oktoba ni siku yetu ya kimataifa, tangu 1998, na kama siku zote za namna hiyo huadhimishwa kwa hotuba. Mimi huiadhimisha nyumbani.

Tahadhari moja ndogo kabla hatujamaliza, inayowahusu walioshinda kwa kunyamaza. Kimya kingi, katika vikao vyetu, huchukuliwa kuwa busara. Nilikaa kwenye kikoba cha mtaani mwaka mzima bila kuchangia hoja hata moja, wakanichagua mweka hazina kwa kura zote, "kwa sababu Baba Asha hasemi ovyo." Mweka hazina husoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya wanachama. Tarakimu, kama majina, hazina ndugu.

Mtu wa ishirini na tatu. Hapa naacha kukushauri nikusimulie tu, maana semina ninayoiwaza ni ya kweli, ilikuwa Morogoro, mwaka juzi, nami nilikuwa wa 25 kama wewe. Nilikuwa nimefanya yote. Nimehesabu, nimekwenda chooni, nimerudi, nimepanga kuanza na "kwa jina", nimebadili kuwa "jina langu", nimerudi kwenye "kwa jina". Mtu wa 24 akasimama. Akasema jina lake, sikulisikia. Akanigeuzia kipaza sauti. Nikanyoosha mkono.

Mwezeshaji akaangalia saa. "Jamani, chai imefika na wenye ukumbi wanatuharakisha. Waliobaki tutawasikia baadaye."

Viti vikakokotwa. Watu wakatoka. Nikabaki pale mkono hewani, na kitu nilichokisikia hakikuwa nafuu, ilikuwa hasira. Nilikuwa nimelipia dakika nane nzima, na bidhaa sikupewa. Na baadaye haikuja. Baada ya chai tulikwenda moja kwa moja kwenye mada ya kwanza.

Kwenye foleni ya chai, mama mmoja mbele yangu, mwenye miwani iliyofungwa kamba, alinigeukia akiwa na kikombe mkononi.

"Samahani baba, wewe hatukukusikia. Unaitwa nani?"

Hakukuwa na kiti, wala zamu, wala muda wa kuhesabu chochote. Nilikwama kwenye Ka, nikakwama vizuri, shingo ikakaza na jicho moja likafumba. Hakunimalizia. Alisimama na kikombe chake akinitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Lilipotoka akalirudia ili alishike, akaniambia lake, na mara hii nikalisikia. Kisha akanyoosha kidole kwenye sinia nyuma yangu, akaniuliza kama sambusa zile ni za nyama au za viazi.

Zilikuwa za nyama. N nayo ikanishika.